Umeme wa Safari Ndefu na Ugumu wa Kuuzima

Leo nazungumzia umeme, ila si bei ya yuniti wala mgao. Hayo yana wasemaji wengi.

Ijumaa ya tarehe 6 Septemba 2024 umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Kenya. Serikali ilipotoa maelezo ilitaja mambo mawili yaliyofuatana. Kwanza laini inayoleta umeme wa upepo kutoka Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, ilijizima katika kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Baada ya hapo laini kubwa inayotoka Ethiopia ikajizima nayo, na megawati zake 200 zikaondoka. Jumla megawati 488 zimekwenda kwa mkupuo, na gridi ya nchi ambayo mahitaji yake ya kilele ni megawati 2,000 na ushei haiwezi kunyang'anywa kiasi hicho ghafla ikabaki imesimama.

Wananchi walijadili upepo, wakajadili nani awajibishwe. Mimi mawazo yangu yalibaki kwenye ile laini ya pili, kwa sababu ni laini ya aina yake katika ukanda wetu, na watu wengi wanaopita chini yake hawajui wanapita chini ya nini.

Inaanzia Wolayta Sodo, kusini mwa Ethiopia. Inaingia Kenya kwa kaskazini, inakata nyika ya Marsabit, inapita Samburu na Laikipia mpaka Suswa, kwenye Bonde la Ufa. Ni zaidi ya kilomita 1,000. Shinikizo lake ni kilovolti 500, yaani volti laki tano, na imejengwa iweze kubeba megawati 2,000, kiasi kinachokaribia mahitaji ya Kenya nzima. Kenya ilianza kununua umeme kupitia hapo Novemba 2022, kwa mkataba wa miaka 25, ikianza na hizo megawati 200. Ukisimama chini ya minara yake, hesabu mafungu makubwa ya nyaya. Laini ya kawaida ina matatu, au sita kama ni mbili kwa pamoja. Hii ina mawili. Moja la chanya, moja la hasi, kama ncha mbili za betri.

Na kweli ni umeme wa namna ileile ya betri. Wataalamu wetu wa Kiswahili wanauita mkondo mnyoofu, mafundi wa mtaani wanauita DC, na nakuomba usichanganye na mkuu wa wilaya. Ni umeme unaotiririka upande mmoja bila kurudi. Redio unayonisikilizia, kama inatumia betri, inaishi kwa mkondo huo. Simu yako pia, na paneli ya sola iliyo juu ya bati. Umeme wa ukutani ni mwingine: huo ni mkondo geu, unaokwenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kila sekunde, na kila unapogeuka hupita kwenye sifuri. Shika hilo la sifuri, nitalirudia.

Sasa kwa nini nchi zote ziligawa umeme wa kwenda na kurudi, ilhali ule mnyoofu ndio uliotangulia? Kituo cha Thomas Edison cha Pearl Street, New York, kilichofunguliwa mwaka 1882, kiliuza mkondo mnyoofu. Shida yake ilikuwa umbali. Waya hupoteza umeme kwa joto, na upotevu huo hupungua sana ukipandisha shinikizo: ukiongeza volti mara mbili, mkondo unaohitajika unakuwa nusu, na upotevu unabaki robo. Kwa hiyo anayetaka kufika mbali lazima apandishe volti, kisha azishushe kabla hazijaingia nyumbani kwa watu. Transfoma hufanya kazi hiyo bila kelele na bila kuchakaa haraka, lakini transfoma inakula mkondo geu tu. Edison hakuwa na kifaa cha kupandisha mkondo wake. Mshindani wake Westinghouse, aliyenunua hataza za mvumbuzi Tesla, alikuwa nacho. Kabla karne ya 19 haijaisha, mjadala ulikuwa umefungwa.

Ulifungwa, lakini haukufa, kwa sababu mkondo geu nao una kilema chake, na kilema hicho huonekana zaidi baharini. Kebo ya chini ya maji ni waya ndani, kihami katikati, na ganda la chuma nje. Hiyo tayari ni kapasita ndefu, yaani chombo cha kuweka chaji. Kwa kuwa mkondo geu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kila mara inabidi kapasita hiyo ijazwe na kumwagwa, ijazwe na kumwagwa. Kebo ikiwa fupi, hasara ni ndogo. Kebo ya kilovolti 132 inayotoka Ras Kiromoni, Dar es Salaam, hadi Fumba, Unguja, haifiki kilomita 40, na mkondo geu unaiweza vizuri. Ifanye iwe kilomita 100 au 200, na sehemu kubwa ya uwezo wake itaishia kuijaza kebo yenyewe, umeme wa kutumika ng'ambo ukawa kidogo. Mkondo mnyoofu huijaza kebo mara moja tu, siku unapowashwa, basi. Ndiyo maana kebo iliyozinduliwa mwaka 2021 kati ya Norwe na Uingereza, yenye kilomita 720, ni ya mkondo mnyoofu. Kwa kipimo hicho mkondo geu haukuwa hata chaguo.

Nchi kavu hesabu ni ya pesa zaidi. Laini ya mkondo mnyoofu hutumia nyaya chache na minara myembamba, na upotevu wake ni mdogo. Lakini kila ncha inahitaji kituo cha kubadilishia umeme, na vituo hivyo ni ghali mno. Ndiyo maana laini fupi haina faida. Kwa kawaida hesabu huanza kukubali kwenye kilomita 600 au 800. Kuna faida nyingine ambayo wanasiasa huisahau: gridi mbili zinazounganishwa kwa mkondo geu lazima zitembee kwa hatua moja, sekunde kwa sekunde. Zikiunganishwa kwa mkondo mnyoofu, kila moja inabaki na mwendo wake. Ethiopia na Kenya zinauziana umeme bila kufungana miguu.

Hicho kituo cha kubadilishia ni nini? Waliofunga sola nyumbani wanajua inverta. Kituo cha Suswa ni inverta, ila ni ya megawati 2,000, na inakaa ndani ya majumba yenye dari refu ambamo mitambo inaning'inia kutoka juu. Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu historia yote ya teknolojia hii, toka mwanzo mpaka leo, kwa maoni yangu ni historia ya watu wanaojifunza kuzima. Kuwasha hakujawahi kuwa tatizo.

Mswidi mmoja, Uno Lamm, mhandisi wa kampuni ya ASEA, alianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuhangaika na vali za zebaki: vyombo vilivyotolewa hewa, vyenye zebaki ndani, vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Alihangaika nazo zaidi ya miaka 20. Mwaka 1954 kisiwa cha Gotland kikaunganishwa na bara la Uswidi kwa kebo ya karibu kilomita 100, volti laki moja, megawati 20. Huo ndio mwanzo wa biashara ya mkondo mnyoofu wa shinikizo kubwa katika dunia ya leo. Baadaye vali za zebaki zikaondolewa, zikaja thairista, swichi za silikoni zisizo na kitu kinachosogea. Thairista ni imara na zinabeba mzigo mkubwa. Mpaka leo laini kubwa kupita zote zinazitumia, ikiwemo ile ya China kutoka Changji hadi Guquan, yenye kilovolti 1,100, megawati 12,000 na zaidi ya kilomita 3,000.

Lakini thairista ina tabia moja. Unaweza kuiamuru iwake. Kuiamuru izime, haikusikii. Inangoja mkondo ushuke wenyewe hadi sifuri, na anayeushusha ni ile gridi ya mkondo geu iliyoko upande wa pili. Maana yake, kituo cha thairista kinategemea gridi inayopokea iwe na nguvu na iwe imetulia. Gridi ikiyumba, thairista inakosa ile sifuri ya kujizimia, na laini nzima inaweza kukatika wakati ambao gridi inauhitaji umeme wake kuliko wakati wowote. Na gridi ikiwa imekufa kabisa, kituo cha namna hii hakiwezi kuifufua.

Afrika iliingia mapema katika mambo haya, mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mapema miaka ya 1980, nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire ilimaliza laini ya kutoka Inga, karibu na mdomo wa Mto Kongo, hadi Kolwezi, kwenye shaba ya Katanga. Kilomita 1,700, kilovolti 500. Kwa wakati wake ilikuwa laini ndefu kuliko zote za mkondo mnyoofu duniani. Wasikilizaji wetu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanaijua kwa jina, maana migodi yao imeitegemea kwa zaidi ya miaka 40. Ilitoka magharibi ikavuka Bandundu na Kasai, ikapita juu ya vijiji visivyohesabika, na hakuna kijiji wala mji ulioonja. Umeme ulipanda Inga, ukashuka Kolwezi. Wengi wameandika kwamba Rais Mobutu aliutaka hivyo, kwa sababu Katanga ilishawahi kujitenga mwaka 1960, na serikali inayoshika swichi ya migodi ikiwa Kinshasa haiogopi sana jimbo kujitenga tena. Hilo la siasa lina uzito wake. Ila hata Mobutu angekuwa na moyo wa kuwapa watu wa Kasai umeme ule, teknolojia ya siku zile ingempa shida kubwa.

Msumbiji kisa chake ni kikali zaidi. Bwawa la Cahora Bassa kwenye Mto Zambezi lilianza kupeleka umeme Afrika Kusini mwaka 1977, kutoka kituo cha Songo hadi kituo cha Apollo, kaskazini ya Johannesburg, kilomita 1,420. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaifikia laini. Minara ikaangushwa, na vita vilipokwisha ikaonekana kwamba minara karibu 1,900 inataka kujengwa upya au kutengenezwa. Umeme ulirudi kutiririka mwishoni mwa miaka ya 1990. Sasa sikiliza hili: Maputo, mji mkuu wa nchi yenye bwawa, hupata umeme wa Cahora Bassa kwa kupitia Afrika Kusini. Unatoka Songo, unakwenda Apollo, unabadilishwa pale, kisha unarudi Msumbiji kwa laini za mkondo geu. Mtu asiyejua ufundi anaweza kusema huo ni uzembe. Lakini laini ile ina milango miwili tu, wa kuingilia na wa kutokea, na wa kutokea uko Apollo.

Laini zote hizo tatu, ya Inga, ya Cahora Bassa na ya Ethiopia, ni kama basi la moja kwa moja: ukipanda unashuka mwisho wa safari, na aliyesimama njiani anapigiwa honi tu. Nimesikia wabunge wa nchi mbalimbali wakiuliza kwa nini wananchi walio chini ya laini hawaunganishwi. Swali ni la haki. Jibu si kwamba watu wa Nairobi au wa Kolwezi wana roho mbaya.

Jibu la kwanza ni gharama. Ukitaka kuchota umeme katikati ya laini ya kilovolti 500, hata kama unataka megawati tano za mji mdogo, mitambo yako lazima ihimili kilovolti 500 zote. Jengo halipungui kwa sababu mji ni mdogo. Jibu la pili ni kwamba katika mfumo wa thairista, ukitaka kugeuza mwelekeo wa umeme inabidi ugeuze chanya iwe hasi na hasi iwe chanya. Vituo viwili vinaweza kukubaliana. Vikiwa vinne au vitano, kila kimoja kikitaka kuuza leo na kununua kesho, kugeuza huko kunakuwa vurugu. Ziko laini chache za thairista zenye vituo vitatu, kama ile inayounganisha Italia, Corsica na Sardinia, lakini hakuna aliyethubutu kuzifanya gridi.

Jibu la tatu ndilo kubwa, na linarudi kwenye sifuri niliyokuomba uishike.

Zima taa yako ukiwa na swichi kuukuu. Utaona cheche. Vipande viwili vya chuma vimeachana, lakini umeme haukubali. Unaruka hewani kutoka kipande hadi kipande. Kwenye swichi ya ukutani hilo ni jambo la kufumba na kufumbua. Kwenye laini ya volti laki tano, hiyo cheche ni mkono wa moto wenye joto la maelfu ya nyuzi, na hauzimiki kwa kuvuta vyuma mbali. Breka za mkondo geu, yaani swichi za kukata umeme wa laini, hazishindani na moto huo kwa mabavu. Zinangoja. Mkondo unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Ukifika sifuri, moto unakufa wenyewe, na kazi ya breka ni kuhakikisha hauwaki tena. Mkondo mnyoofu haufiki sifuri. Ukiachia vyuma, moto utaendelea kuwaka mpaka vyuma viyeyuke.

Laini yenye ncha mbili haina haja ya breka ya aina hiyo. Hitilafu ikitokea, vituo vya mwisho vinapunguza umeme kwa udhibiti wao, au breka za mkondo geu zilizoko nje zinakata, laini yote inalala kwa muda, kisha inaamshwa. Lakini gridi haiwezi kuendeshwa hivyo. Fikiria mti umeangukia waya Samburu, na kwa ajili hiyo unazima Ethiopia, Kenya, Uganda na Tanzania zote kwa pamoja. Gridi ni gridi kwa sababu kipande kibovu kinakatwa peke yake na vingine vinaendelea. Wazanzibari wanaelewa bila kuelezwa: kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme wa bara, kwa kuwa njia ilikuwa moja.

Kuna ugumu juu ya ugumu. Gridi ya mkondo mnyoofu ikipata hitilafu, kila kituo kinamimina umeme kuelekea pale palipoharibika, na mkondo unapanda kwa kasi ya kutisha, maana hakuna kinachouzuia isipokuwa waya wenyewe. Breka za kawaida zina nafasi ya makumi ya milisekunde kufanya kazi. Hapa una milisekunde chache tu. Ukichelewa, swichi za vituo zinajifunga ili zisiungue, na gridi nzima imekwenda.

Njia ilianza kufunguka kwa kubadili swichi. Badala ya thairista zikaja transista za nguvu, ambazo unaziamuru ziwake na unaziamuru zizime, muda wowote, bila kungoja mtu. Machi 1997, huko Hellsjön, Uswidi, laini ndogo ya majaribio ya kilomita 10 na megawati tatu ilionyesha kwamba inawezekana. Kituo cha transista hakigeuzi chanya na hasi. Umeme ukitaka kurudi, mkondo ndio unaogeuka, volti zinabaki zilivyo. Kwa hiyo vituo vingi vinaweza kuning'inia kwenye waya mmoja. Zaidi ya hapo, kituo hiki kinaweza kuamsha gridi iliyokufa. Miaka michache baadaye Rainer Marquardt, profesa wa Ujerumani, alibuni namna ya kupanga mamia ya vipande vidogo, kila kimoja na kapasita yake, vikiwashwa kimoja kimoja hadi umeme unaotoka unakuwa laini bila kuhitaji machujio makubwa. Kebo ya megawati 400 iliyopita chini ya Ghuba ya San Francisco mwaka 2010 ilikuwa ya kwanza ya biashara kutumia ubunifu wake. Vituo vingi vinavyojengwa baharini Ulaya leo ni vya namna hiyo.

Breka ilibaki. Mwaka 2012 kampuni ya ABB ilitangaza breka ya mseto, na napenda akili iliyotumika hapo. Transista peke yake zinaweza kukata mkondo mara moja, lakini ukizipitishia umeme wote siku zote zitapoteza mwingi kwa joto. Swichi ya chuma haipotezi, lakini haiwezi kuua moto. Wakaziweka zote, sambamba. Siku za kawaida umeme unapita njia ya chuma. Hitilafu ikitokea, umeme unasukumwa kwenda njia ya transista. Swichi ya chuma, ikiwa sasa haina mkondo, inafunguka bila moto wowote, kwa takriban milisekunde mbili. Kisha transista zinazimwa. Nguvu iliyobaki kwenye laini haina pa kwenda isipokuwa kwenye rundo la diski za oksidi ya zinki, ambazo huimeza na kuigeuza joto. Yote hayo ndani ya milisekunde tano. Wewe ukipepesa jicho, breka hiyo imeshamaliza kazi mara kadhaa.

Waliojenga kwa ukubwa ni Wachina. Mwaka 2020, kaskazini ya Beijing, walikamilisha gridi ya Zhangbei: kilovolti 500, vituo vinne vilivyounganishwa kwa duara la kilomita 666. Vituo viwili, Kangbao na Zhangbei, viko kwenye upepo na jua. Cha tatu, Fengning, kina bwawa la kupandisha maji mlimani umeme ukizidi na kuyashusha ukipungua. Cha nne ndicho kinachoulisha mji wa Beijing. Breka zake zimetengenezwa kukata kiloampea 25 kwa takriban milisekunde tatu. Upepo ukikosa Kangbao, maji ya Fengning yanajibu. Waya mmoja ukikatika, umeme unazunguka upande wa pili. Hiyo sasa ni gridi, na wanaosema jambo hili ni ndoto ya maabara wamechelewa.

Ulaya wana pesa na wana upepo wa Bahari ya Kaskazini, lakini wamekwama mahali ambapo mimi naona patatuhusu sana. Kituo cha kampuni moja hakisikilizani na kituo cha kampuni nyingine. Vyuma havina ugomvi. Kinachogombana ni programu za udhibiti, zile zinazoamua kila sehemu ndogo ya sekunde swichi ipi iwake, na kila kampuni inazificha kama siri ya ukoo. Visiwa vya Shetland vilipounganishwa na bara la Uskoti mwaka 2024 kwa mfumo wa vituo vitatu, vyote vitatu vilikuwa vya mtengenezaji mmoja. Umoja wa Ulaya ukaona hatari, na toka mwaka 2023 unagharimia mradi uitwao InterOPERA, wa kuwalazimisha watengenezaji wakubaliane lugha ya pamoja. Nasema kuwalazimisha kwa makusudi. Muuzaji aliyekwisha kukuuzia kituo cha kwanza hana haraka ya kukurahisishia ununue cha pili dukani kwa jirani.

Tuje nyumbani. Machi 2025, akiwa Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa Tanzania kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Mitandaoni watu walichachamaa: tuna Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, ya nini kununua? Kwa hesabu ya waya, hoja ya serikali haikuwa ya ajabu. Umeme wa bwawa hilo la Rufiji unaosafiri mpaka Arusha kwa laini za mkondo geu hupotea njiani, na mikoa inayotegemea njia moja inakatikiwa mara kwa mara. Umeme wa Ethiopia unafika Suswa kwa mkondo mnyoofu, unageuzwa, unakwenda Isinya, na kutoka hapo njia ya kuingia Tanzania ni laini ya kilovolti 400 inayofika Singida, iliyowashwa mwishoni mwa 2024.

Laini hiyo ya Isinya na Singida, ya kilomita 500 na kidogo, ni ya mkondo geu, na nadhani waliochagua walichagua sawa. Umbali si mkubwa mno, na unaweza kuuchota umeme njiani kwa transfoma ya kawaida. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wakisikia teknolojia mpya wanataka kila kitu kiwe hicho. Vijiji vilivyo chini ya laini ya Marsabit havitaokolewa na kituo cha katikati cha mabilioni. Sola na laini ndogo zitawafikia wakazi wake mapema zaidi na kwa bei wanayoiweza.

Mahali pa mkondo mnyoofu ni kwenye umbali ule mrefu na mizigo ile mikubwa, na kwenye miji ya katikati yenye watu wa kutosha kubeba gharama ya kituo. Hapo ndipo mkataba unahitaji macho. Kabla ya sahihi, mnunuzi aulize vituo ni vya thairista au vya transista. Aulize kama kituo cha tatu kinaweza kuongezwa baadaye, na kama kampuni nyingine inaruhusiwa kukijenga. Aulize programu za udhibiti ni mali ya nani, na kama wahandisi wa shirika la nchi watafundishwa kuzisoma au wataachiwa namba ya simu ya Ulaya. Maswali haya yakiulizwa mapema hayagharimu chochote. Yakiulizwa baada ya miaka kumi, jibu linakuja na ankara.

Na kuna mahali yanapotakiwa kuulizwa sasa hivi. Juni 2025 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 250 kwa awamu ya kwanza ya mpango wa bwawa la Inga 3, palepale kwenye Mto Kongo. Wanunuzi wanaotajwa toka zamani ni wale wale: migodi ya Katanga, na Afrika Kusini, ambayo kwa mkataba wa mwaka 2013 ilijiwekea megawati 2,500. Umeme huo ukielekea kusini utavuka tena nchi ileile ya katikati. Kananga na Mbuji-Mayi ni miji mikubwa, na Mbuji-Mayi imechimbwa almasi kwa zaidi ya miaka 100 huku umeme wake ukibaki wa kubahatisha. Miaka ya 1980 wahandisi waliweza kusema haiwezekani kuweka kituo njiani, na walikuwa karibu kabisa na ukweli. Safari hii Zhangbei ipo. Aina ya swichi itakayochorwa kwenye michoro ya Inga 3 ndiyo ambayo laini itaishi nayo miaka 40, na michoro hiyo bado haijakamilika.